Kaa wa Mtoni na Dawa ya Pamba

Kaa si kiumbe wa baharini peke yake. Wako waishio katika vilindi vya bahari ambamo jua halifiki, na wako wa maji baridi. Kaa wa Ziwa Victoria ni wa jamii ambayo wataalamu huiita Potamonautes, ipatikanayo Afrika. Hula majani yaliyooza na mizoga, na hivyo husaidia kusafisha maji. Yeye naye huliwa na samaki na fisi maji.

Kaa wengi wa baharini hutaga mayai maelfu kwa maelfu, na vitoto vyao huchukuliwa mbali na mikondo. Kaa wa maji baridi hutaga mayai machache. Mama huyabeba chini ya tumbo, na vitoto huanguliwa vikiwa kaa kamili. Kwa hiyo kijito kilichopoteza kaa wake huchukua muda mrefu kuwapata wengine.

Jambo hili lamhusu mkulima wa pamba. Kaa ni ndugu wa wadudu: wote wana gamba la nje na miguu yenye viungo. Dawa nyingi za funza wa vitumba ni za jamii ya pairethroidi, zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya pareto. Dawa hizo hazimbagui kaa na funza. Mabaki ya bomba moja lililooshewa kijitoni yaweza kuua kaa na samaki.

Katika machimbo ya dhahabu ya Geita kuna hatari nyingine, nayo ni zebaki. Hii hutulia katika tope, ikageuzwa na vijidudu kuwa sumu kali zaidi, kisha ikaingia katika samaki na walaji wake. Ugonjwa wa Minamata, uliogunduliwa Japani mwaka 1956, ulitokana na kula samaki na kaa wa namna hiyo. Kaa hai, basi, si uthibitisho kwamba maji ni salama. Na kutoweka kwake kwaweza kuletwa na ukame. Lakini ni onyo la kuchunguza.

Makatibu wa vyama wawakumbushe wanachama mambo matatu: bomba lisioshwe mtoni wala kisimani, maji ya kusuuzia yanyunyizwe shambani humohumo, na makopo ya dawa yasitumiwe kamwe kuchotea maji. Kijito kinachomlisha kaa ndicho kinachonywesha ng'ombe na watoto wa wanachama.