Nyanya Akihema Usiku, Usingoje Asubuhi

Leo tuzungumze kuhusu mzee unayemtunza nyumbani.

Ni saa nane usiku. Nyanya, au kogo kama wengi wetu tunavyomwita hapa Eldoret, ameamka. Anatokwa na jasho, anahema, na anasema tumbo la juu linamchoma. Unampa dawa ya vidonda vya tumbo na kumwambia, "Lala kogo, kukicha tutaenda hospitali." Mama, huenda huo ni mshtuko wa moyo, na asubuhi iko mbali.

Mshtuko wa moyo hutokea damu inapoganda na kuziba mshipa unaolisha moyo. Sehemu iliyokosa damu huanza kufa, na ikishakufa haiponi tena. Wengi huhisi kifua kikibanwa. Lakini mzee, hasa mwanamke au mwenye ugonjwa wa sukari, huenda asihisi maumivu ya kifua. Atahema, atatapika, atalegea, atazimia au atachanganyikiwa ghafla.

Wengine husema, "Ni uzee tu, tusimsumbue." Ni kweli, mshtuko wa moyo huua wazee zaidi ya vijana. Tena dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kumfanya mzee avuje damu, hata kwenye ubongo. Ndiyo maana daktari humpima kwanza. Hata hivyo, matibabu ya mapema huwaokoa. Utafiti mkubwa wa mwaka 1988 ulionyesha hivi: kati ya kila wagonjwa 1,000 ambao hawakupewa aspirini wala dawa ya kuyeyusha damu, 132 walifariki katika majuma matano. Kati ya kila 1,000 waliopewa zote mbili, walifariki 80. Waliozidi miaka 70 pia walinufaika. Dawa hiyo hufaa zaidi katika saa za kwanza. Baada ya saa 12 faida yake ni ndogo.

Basi ufanye nini?

Kwanza, mkalishe. Asitembee.

Pili, mpe aspirini ya miligramu 300 aitafune. Usimpe kama aspirini humdhuru, kama anatokwa na damu, au kama mdomo umepinda ama upande mmoja wa mwili umelegea.

Tatu, tafuta gari. Pikipiki si salama, anaweza kuzimia njiani. Hospitali ya Rufaa ya Moi, barabara ya Nandi, hupokea wagonjwa usiku na mchana.

Nne, beba dawa zake zote, na umwambie daktari saa maumivu yalipoanza.

Usikae nyumbani kwa kuhofia pesa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Leo kabla ya kulala, andika namba ya simu ya jirani mwenye gari, uibandike ukutani. Kwaherini, hadi kipindi kijacho.