Je, Wajua? Msata, zaidi ya njia panda

Je, wajua kwamba kutoka Bagamoyo hadi Msata ni lami tupu, kilomita 64? Hapo barabara inakutana na ile itokayo Chalinze kwenda Segera, na safari ya Tanga, Moshi au Arusha inaendelea. Wengi wanaijua Msata kwa njia panda hiyo tu, na mimi naona wanapunjika.

Je, wajua kwamba Msata ni kata ya Halmashauri ya Chalinze, lakini wilaya yake ni Bagamoyo?

Je, wajua kwamba daraja la zamani la Mto Wami, kaskazini mwa Msata, lilijengwa mwaka 1959 na lilikuwa jembamba kiasi kwamba magari yalipishana kwa zamu? Daraja jipya, lenye urefu wa zaidi ya mita 500, lilianza kutumika mwaka 2022. Mto huo una viboko na mamba, na unamwaga maji baharini katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Je, wajua kwamba mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walifungua misheni Mandera, bara huku huku, mwaka 1881? Mmoja wa wenzao wa Bagamoyo, Charles Sacleux, aliandika kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, na alikusanya mimea ya pwani kwa bidii hata jenasi moja ikaitwa Sacleuxia.

Je, wajua kwamba Wakwere, wenyeji wa maeneo haya, huhesabu ukoo kwa upande wa mama? Kwa desturi, binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, na akakabidhiwa mwana hiti: kinyago kidogo cha mti, kiwiliwili kimenyooka, hakina mikono wala miguu, kichwani kimechongwa vishungi viwili vya nywele. Mwali alikiogesha, akakipaka mafuta, akakilea kama mwanawe. Vingi vya zamani vimo kwenye makumbusho ya Ulaya. Inaniuma kwamba mtoto wa Msata anaweza kumaliza shule bila kukiona hata kimoja.

Je, wajua kwamba Kiwangwa, kwenye barabara hiyo hiyo ya Bagamoyo, ni kwao nanasi? Mmea huu ni stadi wa ukame: usiku hufungua vitundu vya majani kuvuta hewa ya ukaa, mchana wa jua kali huvifunga ili maji yasipotee. Mkulima hapandi mbegu, hupanda maotea. Tangu kupanda hadi kuvuna inaweza kufika mwaka mmoja na nusu, na shina moja hutoa tunda moja kwa mkupuo. Basi ukisimama pale barabarani kununua, usimkandamize bei.