"Mshuko": Istilahi ya Kupimia Hatari ya Hisa

Miongoni mwa dhana za fedha zinazowatatiza wafasiri ni ile ya kupima hatari ya hisa kwa kutazama jinsi bei ilivyoshuka kutoka kilele hadi mahali pa chini kabisa, kabla haijakirudia kilele hicho. Dhana hii mara huitwa "hasara kubwa", mara "kushuka thamani", mara "mporomoko". Majina matatu kwa kitu kimoja ni mzigo, hasa kwa mtumishi anayetakiwa kutia sahihi juu ya akiba za wastaafu.

Tuchukue hisa za kampuni ya mafuta ya ExxonMobil ya Marekani. Katikati ya mwaka 2014 hisa moja iliuzwa kwa dola 104 hivi. Baadaye mwaka huo bei ya mafuta ghafi ilianguka, na mapema mwaka 2016 pipa likawa chini ya dola 30. Kisha likaja janga la korona, na Machi 2020 hisa ile ikafikia dola 31 hivi. Tofauti ni dola 73. Tukiigawa kwa 104 tunapata asilimia 70. Hicho ndicho kipimo chenyewe, pasipo kuhesabu gawio. Lakini ili dola 31 ziwe tena 104, hapana budi zipande kwa asilimia 235, wala si 70. Kilele kile kilifikiwa tena mwaka 2022.

Kipimo kilichozoeleka tangu maandishi ya Harry Markowitz ya mwaka 1952 hutazama jinsi mapato yanavyotawanyika pande zote mbili za wastani. Kwacho, kupanda ghafla ni hatari sawa na kushuka ghafla; tena hakijali mfuatano, kwani miezi kumi mibaya iliyoandamana huhesabiwa sawa na miezi kumi iliyotapakaa. Mstaafu anayelazimika kuuza hisa zake bei ikiwa chini haoni usawa huo.

Sasa turejee kwenye maneno. "Hasara" haifai, kwa kuwa asiyeuza hajapata hasara kamili. "Kushuka thamani" limekwisha kushikwa na wahasibu kwa uchakavu wa mitambo, na wanauchumi wanalikaribia wanaposema juu ya kushusha thamani ya fedha. "Mporomoko" huashiria jambo la ghafla, ilhali hisa tulizozitaja zilichukua karibu miaka sita. Tulifikiria pia "mteremko", ila mitaani neno hilo ni kitu kinachopatikana bila jasho, na hisa za mafuta hazikuwa hivyo kamwe.

Tunapendekeza "mshuko". Msomaji wa pwani atakumbuka mshuko wa magharibi, yaani wakati watu watokapo kuswali. Hatuoni kwamba maana hizo mbili zitagongana. Mshuko mkubwa kuliko yote katika kipindi fulani uitwe "upeo wa mshuko", na mwisho wake wa chini "bonde".

Mfasiri aangalie kwamba kilele sharti kitangulie bonde. Bei ikienda 40, 100, 60, 120, 90, upeo wa mshuko ni asilimia 40, kutoka 100 hadi 60. Ile 40 ya mwanzo haimo. Vilevile kipindi kitajwe daima: "Upeo wa mshuko wa hisa hizo, kati ya mwaka 2014 na 2020, ulikuwa asilimia 70."