Mkeka Uliohamia Kwenye Simu

Katika nyumba zetu za Pwani mkeka una heshima yake. Juu yake hula watu wa nyumba, juu yake husali, na ukiingia msiba ndipo jamaa hukaa wakasoma. Leo ukimsikia kijana barazani akilalama kwamba mkeka wake umechanika, usidhani atakwenda kutafuta ukindu aushone. Mkeka wake ni orodha ya mechi alizobashiri, na kuchanika kwake ni fedha zilizokwenda. Neno limetoka ndani ya nyumba zetu, wala hatukulisikia likitoka.

Na hata mkeka huo wa mpira umeanza kupitwa. Kinachowala vijana wetu sasa ni ndege.

Mwezi uliopita alitujia mama mmoja, mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wawili, na karatasi mkononi. Ilikuwa taarifa ya fedha za simu yake, naye alitaka tumsomee kwa kuwa herufi zilikuwa ndogo. Shilingi 38,000 za chama zilikuwa zimetoka katika masiku mawili, mia tano mia tano, kisha elfu elfu, zote zikielekea kwenye laini ya mwanawe mwenye miaka 21. Nambari ya siri aliijua kwa sababu ndiye aliyekuwa akimsaidia mamake kutuma fedha. Kijana huyu si mlevi wala hana marafiki wa kutiliwa shaka, na Ijumaa humkuta safu ya mbele. Alizipoteza zote akiwa kitandani mwake, chumba cha pili, na mamake akimsikia akikohoa. Mama ametupa ruhusa kuyaandika haya, kwa sharti tusimtaje.

Mchezo wa ndege ulio mashuhuri kuliko yote huitwa Aviator, kazi ya kampuni iitwayo Spribe, nao ulitoka 2019. Kwenye kioo cha simu huonekana ndege ndogo ikipaa, na kadiri inavyopanda ndivyo dau linavyozidishwa: mara moja na nusu, mara mbili, mara tano. Mchezaji yampasa atoe fedha zake kabla ndege haijatoweka. Ikitoweka naye hajatoa, zimekwenda. Mzunguko mmoja huchukua sekunde chache, kisha huanza mwingine. Mwenye kubashiri mpira hungoja dakika 90, na katikati ya mechi na mechi hupata kula, kulala, na pengine kutubu. Ndege haina mapumziko.

Vijana hutuambia kwamba hii si kamari, ni akili, maana mtu huamua mwenyewe wakati wa kutoa. Lakini mahali ndege itakapotowekea huwa pamekwisha pangwa na kompyuta mzunguko unapoanza. Kilichobaki mikononi mwa mchezaji ni kukisia.

Watengenezaji hutangaza kwamba mchezo huu huwarudishia wachezaji, kwa wastani, asilimia 97 ya fedha wanazoweka. Kijana akisikia hivyo huona kwamba hatari yake ni asilimia tatu tu. Natufanye hesabu kama wenye duka. Mtu aweke shilingi 100 kila mzunguko, acheze mizunguko mia, na jioni moja yatosha kwa hilo. Kwa jumla ameweka shilingi 10,000, ingawa pengine alianza na mia chache mfukoni, kwa kuwa fedha zile zile huzunguka zikarudi kuwekwa tena. Asilimia tatu ya 10,000 ni 300. Kwa wastani amekwisha liwa mara tatu ya dau lake, na mizunguko mia mingine ikija ataliwa tena. Wapo wanaoondoka na faida siku hiyo, na hao ndio tunaosikia habari zao barazani.

Sheria ya zamani ya kamari nchini Kenya ilikuwa ya 1966, nayo iliandikwa wakati kasino ilikuwa jumba lenye mlango na bawabu. Wazee wetu wazikumbuka kasino za watalii hapa Pwani. Mtu wetu akionekana akiingia huko, habari zilifika msikitini kabla yake. Haya ndiyo iliyokuwa bawabu wa pili, na huenda ilifanya kazi kubwa kuliko sheria yenyewe. M-Pesa ikaja 2007, simu za intaneti zikafuata, na mabawabu wote wawili wakaachwa mlangoni wakilinda jumba lisiloingiwa na mtu. Kufikia 2017 uchunguzi wa GeoPoll ulionyesha kwamba asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa wamewahi kucheza kamari, kiwango kikubwa kuliko cha nchi nyingine za Afrika zilizochunguzwa.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni nyingi, na SportPesa, iliyokuwa mashuhuri kuliko zote, ikasitisha shughuli zake hapa. Gor Mahia na AFC Leopards zilipoteza mfadhili. Wengi wetu tulidhani mambo yamekwisha, kumbe kampuni hiyo ilirudi baadaye. Aprili 29, 2025, bodi iliyokuwa ikisimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kisha ikaja miongozo inayokataza watu mashuhuri kuyatangaza. Hilo tulilifurahia kwa dhati, kwani walikuwapo watoto wa madrasa waliojua majina ya kampuni hizo kuliko majina ya Maswahaba. Agosti 7, 2025, Rais William Ruto alitia sahihi sheria mpya ya kudhibiti kamari, inayoanzisha mamlaka mpya mahali pa bodi ile, inayomkataza asiyetimiza miaka 18, na inayoweka dau la mtandaoni lisiwe chini ya shilingi 20. Shilingi 20 ni mahamri mawili. Sijui ni nani atakayezuiliwa na kizingiti hicho, wala wenzangu mezani hawajui.

Ila kodi ndiyo iliyotukalisha kitako. Tangu Julai 1, 2025, serikali hutoza asilimia tano ya kila fedha inayoingizwa kwenye akaunti ya kubashiri, na asilimia tano nyingine ya kila fedha inayotolewa. Rudini kwenye karatasi ya yule mama. Asilimia tano ya 38,000 ni shilingi 1,900. Kijana ana miaka 21, kwa hiyo umri wake wakubalika. Kampuni aliyoichezea ina leseni, na kodi imekatwa. Ukitoa ule wizi wa kumwibia mamake, katika masiku yale mawili hakuna mahali sheria ya kamari ilipovunjwa.

Kamari haikuharimishwa kwa watu wasioyajua manufaa yake. Waarabu wa zama za Jahiliya walichinja ngamia, wakamgawa mafungu kumi, wakapiga mishale. Waliokosa fungu ndio waliolipa bei ya ngamia, na nyama aghalabu ilipewa masikini. Lilikuwa jambo la fahari. Qurani, katika Sura ya al-Baqara aya ya 219, haikuyakana manufaa hayo. Iliyapima na madhambi, madhambi yakazidi. Kisha katika al-Maida, aya za 90 na 91, ikakataza moja kwa moja, ikataja uadui, chuki, na watu kuzuiliwa na sala. Anayetuambia leo kwamba kodi ya kamari itajenga zahanati hajatuletea hoja mpya. Ni nyama ya ngamia yule yule.

Bawabu aliyebaki, basi, yumo nyumbani. Nambari ya siri ya mama isijulikane na mwana, hata mwana mwema, na fedha za chama zikae benki kwa sahihi za watu wawili. Kampuni zenye leseni zina utaratibu wa mchezaji kujifungia akaunti mwenyewe. Keti na mwanao afanye hivyo mbele yako. Mtazame na mikopo ya simu, maana aliyeliwa hukopa kwa riba ili arudi kucheza, na haramu mbili zikakutana katika kifaa kimoja. Aliye na fedha alizoshinda asizihesabu kuwa sadaka yenye thawabu. Wanavyuoni humwambia azitoe kwa masikini au kwa maslahi ya umma kwa nia ya kujivua nazo.

Kijana wetu amemkabidhi mjomba wake laini ya simu. Alfajiri huenda Marikiti kubeba mizigo, na kila Alhamisi hupeleka alichopata. Mama aliwaeleza wenzake mwenyewe, wakiwa wameketi mkekani, nao wakakubali kungoja. Zamu ya kupokea ilikuwa ya mjane mwenye karo ya watoto watatu. Hadi tunaandika haya, zimesalia shilingi 21,500.