Kabla ya Kumtuma Mwanao Akasomee Utabibu

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, ofisi ndogo ya msikiti wetu hupata wageni wa aina moja. Ni baba au mama aliyeshika karatasi ya matokeo ya mwanawe, na swali ni lile lile: kijana anataka kusomea udaktari, tumpeleke wapi? Mara nyingi jibu limo ndani ya karatasi hiyo hiyo, na limekuwamo kwa miaka miwili bila ya mzazi kuliona. Kijana ana C ya Kiswahili, D ya Biolojia, na B nzuri ya Elimu ya Dini ya Kiislamu. Kemia na Fizikia hazimo kabisa, kwa kuwa aliziacha alipoingia kidato cha tatu, na nyumbani hakuna aliyeulizwa.

Makala haya yanawahusu wazazi ambao watoto wao hawajafika hapo. Yanahusu Stashahada ya Utabibu, kozi ya miaka mitatu ambayo kijana anaweza kuianza akitokea kidato cha nne, na ambayo familia zetu nyingi hazielewi vyema inahitaji nini na inampeleka mtu wapi.

Ukiingia katika zahanati ya kijiji, mtu anayekusikiliza, akakupima, akakuandikia dawa au rufaa ya kwenda kituo cha afya, mara nyingi si daktari mwenye shahada. Ni Tabibu, au Tabibu Msaidizi. Watu humwita dokta, naye hachoki kuitikia. Pengine ndiye Mganga Mfawidhi wa zahanati hiyo, mwenye dhamana ya dawa, ripoti na watumishi wenzake. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kiwe na kituo chake cha afya, usingeweza hata kufikiriwa bila ya watu wa daraja hili.

Pamoja na hayo, wapo wanaoiona kozi hii kuwa ni ya walioshindwa. Ni dhana isiyo na msingi. Kwa muda mrefu Tabibu mwenye uzoefu aliweza kuongezewa miaka miwili ya mafunzo akawa Daktari Msaidizi, na huyo aliruhusiwa kufanya upasuaji, ukiwamo wa kumtoa mtoto tumboni kwa mama. Utafiti uliofanywa katika hospitali zetu na kuchapishwa mwaka 2009 ulilinganisha kazi yao ya upasuaji wa dharura wa uzazi na ya madaktari wenye shahada, na haukuona tofauti kubwa ya matokeo. Ngazi hiyo ya mafunzo imeondolewa katika miaka ya karibuni, na sasa Tabibu anayetaka kupanda huelekea moja kwa moja kwenye shahada. (Kwa sisi tuliosoma Kiarabu, neno lenyewe la tabibu ndilo alilokuwa akiitwa Ibn Sina. Sijui ni vipi limekuja kuonekana dogo kuliko daktari.)

Ndugu zetu walioko Marekani huleta neno jingine, msaidizi wa daktari, na wengine huwashauri vijana wa hapa kana kwamba ni jambo moja. Kazi zinafanana, njia ni tofauti. Kule mafunzo hayo yalianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Duke, pale Dk. Eugene Stead alipowachukua wanaume wanne waliokuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la majini. Leo hii mwombaji wa Marekani anatakiwa kwanza awe na shahada ya kwanza, ndipo asome shahada ya uzamili kwa miaka miwili na ushei, kisha afanye mtihani wa kitaifa. Mtihani huo hufanywa na waliohitimu programu zilizopata ithibati ya huko tu. Kwa hiyo mzazi asilipe ada ya Utabibu hapa kwa matumaini kwamba cheti kitamfungulia mwanawe mlango wa kazi hiyo ng'ambo.

Turudi kwenye karatasi ya matokeo. Sharti la kujiunga, kwa mujibu wa mwongozo wa udahili wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET, ni ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne, yasiyokuwa ya dini, na ndani yake ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia au sayansi ya uhandisi. Maneno hayo, yasiyokuwa ya dini, wazazi wa seminari zetu wayasome mara mbili. B ya Elimu ya Dini ya Kiislamu ina thamani yake kwa mtoto na kwa Mola wake, lakini haihesabiwi katika manne hayo. Hisabati na Kiingereza mwongozo unazitaja kama nyongeza ya sifa tu, na hapo ndipo penye mtego ambao nitaueleza mbele.

Kwa watoto wanaosoma katika utaratibu uliozoeleka, Kemia na Fizikia husomwa na wote hadi kidato cha pili, kisha mwanafunzi huchagua. Uchaguzi huo hufanyika akiwa na miaka kumi na mitano au sita, mara nyingi kwa kumfuata rafiki, au kwa sababu mwalimu wa Fizikia hayupo. Ikiwa shule haina mwalimu, ni bora wazazi wachangishane kumlipa mwalimu wa ziada siku za Jumamosi kuliko kumwacha mtoto ayatupe masomo mawili yanayoshika funguo za kozi karibu zote za tiba.

Akishapokelewa, nini kinamngoja? Kozi imegawanywa katika ngazi tatu, ya 4, ya 5 na ya 6, yaani Astashahada ya Awali, Astashahada, na hatimaye Stashahada. Mwaka wa kwanza ni wa kuujua mwili: anatomia, yaani maumbile yake, na fiziolojia, yaani namna unavyofanya kazi, vijidudu na vimelea, dawa na jinsi zinavyotenda, kinga dhidi ya maambukizi, na maadili ya kazi. Vitabu na mitihani ni kwa Kiingereza, na hapa ndipo vijana wengi wenye akili nzuri hujikwaa.

Kisha huja elimu ambayo kwa maoni yangu ndiyo roho ya kozi nzima: kumhoji mgonjwa na kumpima. Mwanafunzi hufundishwa kuuliza kwa mpangilio, kuanzia lalamiko lililomleta mgonjwa, lilianza lini, limeendaje, hadi maradhi ya zamani, dawa anazotumia na hali ya nyumbani. Halafu hutazama, hupapasa, hugonga kwa ncha ya kidole na kusikiliza sauti inayorudi, na mwisho huweka stethoskopu. Kitabuni ugonjwa una jina la Kiingereza, lakini mgonjwa hasemi hivyo. Bibi atasema ana chango, mzee atasema ana mshipa, mwingine atasema kichomi kimemkaba ubavuni. Tabibu lazima ajue kwamba mshipa wa mtu mmoja ni ngiri na wa mwingine ni busha, na kwamba kichomi huweza kuwa ni pafu lililovimba. Mama akisema mtoto ana degedege, Tabibu afikirie upesi malaria kali na homa ya uti wa mgongo, na ayafikirie hayo bila ya kumdharau mama aliyekwishampitisha mtoto kwa mtu wa kumsomea au mganga wa mitishamba. Akimdharau, safari nyingine mama hatasema ukweli.

Mfano wa mafunzo yenyewe ni kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Ni kazi inayoonekana ya kitoto. Mwanafunzi huambiwa ahesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, wala si nusu dakika kisha azidishe kwa mbili. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka kupita kiasi. Kwa wa mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Kwa mchanga asiyefika miezi 2, ni 60. Hakuna mashine, hakuna umeme unaohitajika, ni saa ya mkononi na uvumilivu, na kwa hesabu hiyo nimonia hutambuliwa mapema katika zahanati isiyo na eksirei. Mzazi anayesoma hapa anaweza naye kuzishika namba hizo.

Mwaka wa pili na wa tatu huelemea kwenye magonjwa ya ndani, upasuaji, magonjwa ya watoto, na uzazi pamoja na magonjwa ya wanawake. Yapo pia afya ya jamii, utafiti mdogo na uendeshaji wa kituo. Mwanafunzi huzunguka wodi hizo moja baada ya nyingine, na kila jambo alilolifanya kwa mikono, kama kushona kidonda au kumzalisha mama, hushuhudiwa na msimamizi. Zipo zamu za usiku. Mtihani wa vitendo humtaka aingie kituo kimoja baada ya kingine na kufanya kazi mbele ya mtahini kwa dakika zilizohesabiwa, na aliyekariri bila ya kushika mgonjwa hujulikana papo hapo.

Zamu za usiku na wodi za uzazi ndizo huwafanya akina baba wengi wawazuie mabinti zao. Nimelisikia hilo mara kadhaa, na nalieleza bila ya kumfedhehesha mtu. Lakini baba huyo huyo, mkewe anaposhikwa na uchungu, huulizia kwanza kama yuko mwanamke wa kumhudumia. Ni haki yake kuuliza. Fiqhi yetu inamtanguliza mwanamke katika kumtibu mwanamke, na ikaiacha nafasi ya darura anapokosekana. Swali ni atatoka wapi huyo mwanamke ikiwa kila nyumba inamsubiri binti wa nyumba nyingine. Ar-Rubayyi' bint Mu'awwidh, radhi za Allah ziwe juu yake, alikwenda vitani pamoja na Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwahudumia majeruhi. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiweka tiba katika faradhi za kutosheleza, akalalamika katika Ihyaa kwamba watu wanasongamana kwenye fiqhi ilhali mji mzima hauna tabibu Muislamu. Mimi niliyesoma chuo cha dini sioni haya kumwunga mkono.

Yapo mambo ya kweli ya kuuliza chuoni kabla ya kumpeleka binti: mabweni yako wapi na yanalindwaje, zamu ya usiku huenda na kurudi vipi, hijabu inakubaliwa kwa sare ipi, na mikono ya nguo inakunjwa hadi wapi wakati wa kuosha mikono, maana kinga dhidi ya maambukizi haina mjadala. Ulizeni kwa adabu na mapema. Vyuo vingi vina majibu.

Kuhusu fedha nitakuwa mkweli kama katibu anayepokea barua za maombi. Barua nyingi haziji mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza familia huuza kiwanja, shangazi huchanga, shughuli inafanyika. Barua huja mwaka wa pili, wiki mbili kabla ya mitihani, chuo kikiwa kimemzuia kijana kuingia chumba cha mtihani. Sababu ni kwamba familia ilihesabu ada peke yake. Haikuhesabu michango ya mitihani, sare na koti jeupe, vifaa vya kupimia, bima, chumba, na nauli na chakula cha miezi ya mazoezi mbali na chuo. Ombeni fomu ya maelekezo ya kujiunga, jumlisheni kila kitu kwa miaka mitatu, ndipo muamue. Mikopo ya serikali kwa ngazi ya stashahada ilianza mwaka wa masomo 2023/24, lakini ni kwa fani zilizoteuliwa tu. Fungueni mwongozo wa mwaka husika muangalie kama fani hii imo. Kamati za misikiti nazo, badala ya kugawa kidogo kidogo kwa kila mwombaji, zingefanya jambo kubwa kwa kumbeba mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu hadi amalize.

Kijana akihitimu husajiliwa na Baraza la Madaktari, ndipo anaruhusiwa kutibu. Ajira ya serikali huombwa kwa ushindani, na wapo wanaongoja miaka. Wengine huanza katika vituo binafsi. Na sasa ule mtego nilioutaja. Tabibu anayetaka kwenda kusoma shahada ya udaktari, ya miaka mitano pamoja na mwaka wa mafunzo kazini, hutakiwa awe na wastani wa B au alama ya 3.0 katika stashahada yake, na pia D katika Fizikia, Kemia, Biolojia, Hisabati na Kiingereza za kidato cha nne. Masomo mawili yaliyoitwa nyongeza mlangoni huwa ni lazima mbele ya safari. Aliyepata F ya Hisabati akiwa na miaka kumi na saba hurudi kuufanya mtihani huo akiwa mtu mzima mwenye watoto, naye ni Mganga Mfawidhi.

Maombi hupitia utaratibu wa NACTVET kwa njia ya intaneti, na orodha ya vyuo vilivyosajiliwa hutolewa humo humo kila mwaka. Kwa walioko ukanda wa pwani, Kibaha, Lindi na Mtwara kuna vyuo vya siku nyingi. Chuo kisichoonekana katika orodha hiyo msikilipe, hata kama wakala wake ameswali pembeni yenu safu ya kwanza. Na wenye watoto walio kidato cha pili hivi sasa, wakutaneni na mwalimu wa taaluma kabla ya shule kufungwa mwezi wa Desemba, kwa kuwa mwezi wa Januari mtoto akirudi, masomo yatakuwa yameshachaguliwa.