Hoja ya "Gesi Haiozi" na Hesabu Inayoikanusha

Kila mjadala kuhusu gesi asilia iliyogunduliwa chini ya bahari ya kusini mwa Tanzania unapofika kwenye mradi wa kuigeuza gesi hiyo kuwa kimiminika huko Lindi, swali lile lile hutolewa kwa sauti ya ushindi: haraka ya nini, ilhali gesi haiozi? Swali hilo limeulizwa mno, na huchukuliwa kuwa busara ya kizalendo, hali ni kosa la hesabu ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uchumi wa nishati asingesamehewa.

Ni kweli kwamba methani iliyofungiwa ndani ya miamba kwa mamilioni ya miaka haitaharibika ikisubiri miaka 20 zaidi, lakini mwenye hoja hii hupima uhai wa kemikali na kudhani amepima thamani ya biashara. Kosa lake huanzia kwenye takwimu ya futi za ujazo trilioni 57 na ushei, inayotajwa majukwaani kana kwamba ni salio la benki. Hayo ni makadirio ya gesi yote iliyopo ardhini, wala si akiba, neno ambalo wataalamu huliwekea mpaka mkali: kiasi kinachoweza kutolewa kwa faida kwa bei na teknolojia zilizopo. Sehemu kubwa, takriban trilioni 47, imo katika vitalu vya bahari kuu ambako baadhi ya visima vimechimbwa kwenye kina cha maji kinachozidi mita 2,000, na ili iuzwe Asia ni lazima ivutwe hadi Likong'o, Lindi, ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ujazo wake upungue takriban mara 600 na kuwa kimiminika kinachobebeka melini. Kazi hiyo imekadiriwa kugharimu dola za Marekani bilioni 42, na hadi apatikane wa kuziweka mezani, akiba ya bahari kuu kwa maana ya kibiashara ni sifuri.

Linafuata suala la muda, ambalo watetezi wa kusubiri hawaligusi kabisa. Wawekezaji hutumia kiwango cha punguzo, yaani asilimia inayoyageuza mapato ya miaka ijayo kuwa thamani ya leo, na kwa kiwango cha asilimia 10, dola 100 zitakazopokewa baada ya miaka 20 ni sawa na dola 15 hivi za sasa. Maana yake ni kwamba faida ya gesi hiyo ingepaswa kuongezeka karibu mara saba ili anayesubiri asipate hasara. Na hata serikali yenye subira kubwa, inayotumia asilimia 5, ingehitaji ongezeko la zaidi ya mara mbili na nusu. Nani anayeahidi ongezeko hilo? Qatar, ambayo gesi yake imo katika maji mafupi na hutolewa kwa gharama ndogo mno, inapanua uwezo wake kutoka tani milioni 77 kwa mwaka hadi 142. Marekani ilishika nafasi ya kwanza kwa kuuza gesi ya kimiminika mwaka 2023. Na Msumbiji, iliyogundua gesi yake ya bahari kuu karibu wakati mmoja na Tanzania, ilipakia shehena ya kwanza Novemba 2022 kutoka mtambo unaoelea wa Coral Sul, licha ya vita katika jimbo lake la Cabo Delgado. Wanunuzi nao hawakai pale pale: Japani na Korea Kusini zimejiwekea lengo la kufuta utoaji halisi wa hewa ukaa ifikapo 2050, China ifikapo 2060, ilhali mikataba ya gesi hii kwa desturi huwa ya miaka 15 hadi 20, hivyo mradi utakaochelewa hadi miaka ya 2040 utawatafuta wanunuzi wanaojiandaa kuondoka sokoni.

Anayetaka ushahidi badala ya hesabu aangalie Januari 2021, kampuni ya Equinor ya Norway ilipofuta vitabuni mwake thamani ya dola milioni 982 iliyokuwa imeiandika kwa ajili ya mradi huu. Hakuna hata futi moja ya ujazo iliyooza mwezi huo.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaodai kwamba mafuta na gesi vimeshakufa, nao wajibiwe kwa ufupi: dunia bado hutumia zaidi ya mapipa milioni 100 ya mafuta kwa siku. Kilichobadilika ni mtaji, ambao sasa huchagua miradi ya bei nafuu na inayorudisha fedha upesi, kama bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga lenye urefu wa kilomita 1,443 lilivyodhihirisha pale benki nyingi kubwa zilipojitenga nalo na wanahisa wakalazimika kubeba mzigo zaidi.

Yanayowezekana ni machache. Mkataba wa nchi hodhi, unaoweka masharti ya kodi na ulinzi wa mtaji kwa mradi mzima, ukamilishwe ukiwa na mgawo wa serikali unaopanda bei ikipanda na kushuka ikishuka. Mtambo mdogo zaidi au unaoelea upimwe kwa dhati. Gesi ambayo tayari inazalishwa Songo Songo na Mnazi Bay ielekezwe kwenye mbolea, viwanda na magari, kwa kuwa bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limeondoa sehemu ya mahitaji ya mitambo ya umeme. Mwisho, pasikopwe shilingi kwa kutegemea mapato ambayo hayajaingia: Msumbiji ilidhamini kwa siri mikopo ya takriban dola bilioni 2 mwaka 2013 na 2014, ikashindwa kulipa, na gesi yake ya bahari kuu ilikuwa bado haijauzwa hata shehena moja.