Boma la Mawe la Thimlich Ohinga

Mtu wa Rusinga anayetamani kuuona mji wa kale wenye kuta hana haja ya kusafiri hadi Lucca, huko Italia, ambako watu hutembea kwa miguu na kwa baisikeli juu ya ukuta mpana wa mji wao. Na avuke daraja la Mbita, ashike barabara ya Homa Bay, apite Rodi Kopany na Ndhiwa hata aingie Kaunti ya Migori. Huko ndiko liliko boma la Thimlich Ohinga. Neno “ohinga” kwa Kijaluo maana yake ni boma, na “thimlich” ni msitu mnene wenye kutisha.

Ajabu ya mahali hapa ni ukuta wenyewe. Penginepo kimo chake hupita mita 4, na unene wake ni kati ya mita 1 na 3, lakini ndani yake hamna chokaa wala saruji, na mawe yenyewe hayakuchongwa. Fundi aliokota jiwe kama lilivyo, akaligeuza-geuza hata likashikana na mwenzake. Mawe makubwa yalipangwa safu mbili, ya nje na ya ndani, na katikati yakashindiliwa madogo. Wataalamu hukisia kwamba ujenzi ulianza karne ya 16.

Maboma makubwa ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch; Kochieng ndilo kubwa kuliko yote. Lango ni jembamba na fupi, na juu yake yamelazwa mawe marefu, hata aingiaye hana budi kuinama. Adui aliyeinama hawezi kuinua mkuki! Ndani huonekana mahali pa nyumba, mazizi ya ng’ombe, mawe ya kusagia nafaka, na vishimo vya bao katika mwamba. Kumbe hata siku za hofu watu walipata wasaa wa kucheza.

Wakazi walibadilika mara nyingi. Hawa walihama, wale wakaja, na waliokuja wakautengeneza ukuta kwa namna ile ile waliyoikuta. Katika karne ya 20 amani ilipoenea, familia za mwisho zilitoka zikajenga penye nafasi, na ukuta ukabaki bila wenyewe.

Hapo ndipo penye hatari. Ukuta usio na chokaa husimama maadamu yupo wa kurudisha jiwe lililoanguka. Mti ukiota kati ya mawe, mizizi huyasukuma. Mgeni akipanda apigwe picha, jiwe moja hutoka na mengine hulifuata. Mwaka 2018 UNESCO ililitia boma hili katika orodha ya Urithi wa Dunia, lakini orodha haing’oi miche. Kazi hiyo ni ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na majirani wa boma.

Basi atokaye Rusinga na aondoke alfajiri, achukue maji ya kunywa, na akifika apumzike chini ya mti, wala si juu ya ukuta.